Nyambizi Iliyopwelewa Oklahoma

Mnamo Mei 2019, katika mji wa Muskogee ulioko mashariki mwa jimbo la Oklahoma nchini Marekani, nyambizi ya vita iliyokuwa imelazwa nchi kavu kwa miaka 46 ilianza kuelea. Hakuna aliyewasha injini wala aliyekusudia isogee. Mto Arkansas ulikuwa umefurika, maji yakaingia katika bustani ya kumbukumbu ya vita, yakajaza mahali palipochimbwa kwa ajili ya chombo hicho, na meli ya chuma yenye urefu wa mita 95 ikafanya kile ambacho meli yoyote hufanya inapopata maji ya kutosha chini ya mkuku wake. Watunzaji wa makumbusho wamezoea kuogopa moto, wizi, kutu na uhaba wa fedha. Ni wachache sana wanaolala wakihofia kwamba kitu kikubwa kuliko vyote walivyokabidhiwa kinaweza kunyanyuka chenyewe na kuteremka na mto.

Naishi Tulsa, mji ulioko juu ya mto huo huo, takriban kilomita 80 kaskazini-magharibi mwa Muskogee, na nimekulia pwani ambako chombo kilichokaa mchangani huwa kinangoja ama fundi ama maji kujaa. Pengine ndiyo maana kisa hiki kimenishughulisha kuliko kinavyowashughulisha majirani zangu, ambao wengi wao hukitaja kama kioja cha mwaka ule wa mafuriko na kupita. Kwa maoni yangu kilikuwa zaidi ya kioja. Kilionyesha kwamba chombo kilichotolewa majini hakiachi kuwa chombo, na kwamba wanaokitunza, hata wakiwa wameajiriwa kama waongoza wageni na wakata nyasi, hawana budi kubaki na ujuzi wa kibaharia.

Nyambizi yenyewe inaitwa USS Batfish. Ni ya daraja la Balao, kundi la nyambizi ambazo Marekani ilizijenga kwa wingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilitengenezwa katika karakana ya jeshi la majini ya Portsmouth, huko Kittery katika jimbo la Maine, ikashuliwa tarehe 5 Mei 1943 na kuanza kazi rasmi tarehe 21 Agosti mwaka huo huo. Wiki mbili baada ya kushuliwa kwake, mbali sana na bahari, Mto Arkansas ulifurika Muskogee hadi kufikia kimo cha futi 48.2, yaani karibu mita 14.7 kwa kipimo cha mahali hapo, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Meli na mafuriko hayo hayakuwa na uhusiano wowote wakati ule. Uhusiano ulikuja baadaye, na ulikuja kwa njia ambayo mtunzi wa hadithi angeona aibu kuibuni.

Mafuriko ya mwaka 1943 yalikuwa miongoni mwa sababu zilizoipa nguvu hoja ya kuudhibiti mto huo. Mwaka 1946 Bunge la Marekani liliidhinisha mradi mkubwa wa mabwawa na njia ya meli kwenye Arkansas, mradi ambao hatimaye ulipewa majina ya maseneta wawili, John McClellan wa Arkansas na Robert Kerr wa Oklahoma. Ulizinduliwa rasmi na Rais Nixon tarehe 5 Juni 1971. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 716 hivi, kutoka Mto Mississippi hadi bandari ya Catoosa karibu na Tulsa, na ina vizuizi 18 vyenye vyumba vya maji: chombo huingia, milango ikafungwa nyuma yake, maji yakaongezwa, na chombo kikapanda hadi kimo cha sehemu ya mto iliyo juu zaidi. Kwa njia hii tishari zilizopakia mbolea, ngano na chuma hupanda kutoka nchi tambarare za kusini hadi katikati ya bara. Kwa njia hii pia, mwaka uliofuata uzinduzi, nyambizi ilipanda hadi Oklahoma.

Batfish ilikuwa imefutwa katika orodha ya jeshi mwaka 1969, na wanamaji wa zamani wa nyambizi waliokuwa wakiishi Oklahoma walitaka jimbo lao, lisilopakana na bahari yoyote, lipate kumbukumbu ya wenzao waliopotea. Tatizo lilikuwa kina. Njia ya meli ya Arkansas imehakikishiwa kina cha futi tisa tu, yaani mita 2.7, ilhali nyambizi ya aina hiyo inapoelea huzama majini kwa takriban mita tano. Suluhisho lilikuwa kuibeba: tishari zilifungwa ubavuni kulia na kushoto, zikainyanyua, na tagi zikaukokota msafara mzima kupitia Mississippi na kisha Arkansas, kizuizi baada ya kizuizi, hadi ikafika Muskogee mapema Mei 1972. Ilichukua takriban mwaka mwingine kuingizwa mahali pake na kuandaliwa, na wageni wa kwanza walianza kupokelewa mwishoni mwa Mei 1973. Mto uliokuwa ukiogopwa kwa mafuriko ulikuwa umefugwa, na kwa sababu umefugwa, uliweza kuleta nyambizi. Jambo ambalo halikupewa uzito wa kutosha, nadhani, ni kwamba mto uliofugwa bado ni mto.

Kabla ya kuyafikia maji, inafaa kueleza kwa nini watu walijisumbua kiasi hicho kwa ajili ya chombo hiki badala ya kingine. Batfish ilifanya doria saba za vita katika Pasifiki. Doria ya sita, chini ya Kamanda John Fyfe, ndiyo iliyoitia katika vitabu. Februari 1945, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, Wajapani walikuwa wakituma nyambizi kuwaondoa marubani wao waliokwama huko. Batfish ilikuwa na kipokezi kilichoweza kunasa mawimbi ya rada ya adui, kwa hiyo kila nyambizi ya Kijapani iliyowasha rada yake kuangalia usalama ilikuwa ikitangaza mahali ilipo. Kwa usiku tatu, ndani ya saa 76, Batfish ilizamisha nyambizi tatu. Kwa kumbukumbu zilizolinganishwa baada ya vita, hizo zilikuwa RO-55, RO-112 na RO-113. Hakuna nyambizi nyingine ya Marekani iliyofanya hivyo katika vita ile, na chombo kikatunukiwa hati ya heshima ya rais.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kusimama kidogo hapa. Mwaka mmoja kabla ya usiku zile, tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya abiria Khedive Ismail karibu na Maldives. Meli hiyo ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ikiwa imebeba zaidi ya watu 1,500, wakiwemo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Karibu watu 1,300 walikufa, na walio wengi walikuwa vijana wa kwetu ambao majina yao hayajapata bustani yenye nyasi zilizokatwa vizuri. I-27 ilizamishwa siku hiyo hiyo na manowari mbili za Uingereza zilizokuwa zikisindikiza msafara, ambazo zililazimika kurusha mabomu ya kina mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaogelea. Siwezi kuitembelea Batfish kama mtu anayetembelea gwaride la ushindi. Ndani ya zile nyambizi tatu za Luzon mlikuwa na watu, kama ilivyokuwa ndani ya zile 52 za Marekani ambazo hazikurudi, na ambazo bustani ya Muskogee imeziwekea kumbukumbu. Hapo hapo bustanini pia kuna mlingoti wa manowari USS Oklahoma, iliyopinduka Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 na kuua watu 429. Ni mahali pa kuhesabu wafu zaidi kuliko pa kupiga picha, ingawa picha hupigwa.

Ukiingia ndani, jambo la kwanza linaloshinda macho ni harufu. Mafuta ya dizeli yaliyochomwa zamani yamekaa katika rangi, katika ngozi za vitanda, katika mpira wa milango, na siku za joto la Oklahoma huamka upya. Chumba cha topido cha mbele kina mirija sita yenye milango mizito ya shaba, na katikati ya reli za kubebea topido zimewekwa bao za kulalia, kwa sababu nafasi ilikuwa haba na baadhi ya mabaharia walilala juu na chini ya silaha zenyewe. Kutoka hapo unapita chumba hadi chumba kupitia milango ya umbo la yai ambayo humlazimu mtu mzima kuinua mguu mmoja, kuinamisha kichwa na kujipenyeza kwa wakati mmoja. Watoto huipita kwa kuruka. Chumba cha uongozi kina ubao wa taa nyekundu na za kijani, kila moja ikiwakilisha tundu fulani katika ganda la meli: nyekundu lipo wazi, kijani limefungwa. Kabla ya kuzama, ofisa wa zamu alitakiwa kuona kijani tupu. Kuna jiko ambalo mpishi mmoja akisimama mwingine hapati pa kupita, vyumba viwili vya injini vyenye injini nne za dizeli, na tezi kabisa, yaani nyuma ya chombo, chumba kingine cha topido chenye mirija minne. Watu wapatao 80 waliishi humu kwa wiki kadhaa mfululizo.

Wageni wengi hupita mbele ya ule ubao wa taa bila kuuangalia mara mbili, jambo linalonisikitisha kidogo, kwa maana kila kilichotokea mwaka 2019 kinaelezeka kutoka hapo.

Nyambizi ni maganda mawili. Ganda la ndani ni nene, limefungwa kabisa, na ndilo linalohifadhi watu na mitambo. Nje yake, kwenye mbavu za chombo, kuna matangi ya farumi, yaani matangi ya kutia uzito. Matangi makuu ya aina hiyo yana matundu chini ya kupitishia maji, na juu yana vali za kutolea hewa. Chombo kinapotakiwa kuzama, vali za juu hufunguliwa, hewa ikatoka, maji yakaingia kwa chini na uzito ukaongezeka. Kinapotakiwa kupanda, vali za juu hufungwa na hewa iliyoshindiliwa ikasukumwa ndani ili kuyafukuza maji. Vali zikiwa zimefungwa na tangi likiwa na hewa, maji yakipanda kutoka chini hayapati pa kwenda, kama kikombe kinachofudikizwa ndani ya beseni: unakisukuma, nacho kinakusukuma. Kwa hiyo nyambizi iliyolazwa nchi kavu, ganda lake la ndani likiwa kavu na vali zake zikiwa zimefungwa, tayari iko katika hali ya kuelea. Inachokosa ni maji tu.

Ongeza na jambo jingine. Batfish ya vitani ikielea juu ya maji ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 1,500. Humo mlikuwa na mafuta, maji ya kunywa, vyakula, risasi na hadi topido 24. Meli ya makumbusho haibebi mafuta ya safari wala shehena ya silaha. Ni nyepesi kuliko ilivyopata kuwa baharini, na chombo chepesi huhitaji maji machache zaidi ili kinyanyuke. Yeyote aliyewahi kuliona jahazi tupu likiinuliwa na maji ya bamvua kabla ya lile lililopakia atalielewa jambo hili bila hesabu.

Mei 2019 maji yalikuja. Mvua kubwa zilipiga Kansas na Oklahoma kwa wiki kadhaa, udongo ukashiba, mabwawa yakajaa. Bwawa la Keystone, lililoko magharibi mwa Tulsa, lililazimika kufungulia maji kwa kiwango kilichofikia futi za ujazo 275,000 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 7,800. Sisi wa Tulsa tulikuwa tukifuatilia namba hizo saa kwa saa kwenye redio, kama watu wengine wanavyofuatilia matokeo ya mpira, maana kila ongezeko lilikuwa na maana ya mtaa fulani kuhama. Lakini Muskogee ilikuwa katika hali mbaya zaidi kwa sababu ya mahali ilipo. Hapo ndipo Arkansas inapokutana na mito miwili mingine, Verdigris na Grand, na sehemu hiyo imeitwa Three Forks tangu zamani. Mito yote mitatu ilikuwa imejaa. Tarehe 26 Mei maji ya Muskogee yalifikia kilele cha futi 46.39, yaani takriban mita 14.1, wakati kiwango kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa mafuriko ni futi 28. Kilikuwa kimo cha pili katika kumbukumbu za mji, na kilichokizidi kilikuwa kile kimoja tu cha Mei 1943.

Siku chache kabla ya kilele hicho lilitokea jambo lililomfanya kila mtu aiangalie nyambizi kwa jicho jingine. Usiku wa tarehe 22 Mei tishari mbili zilizopakia mbolea zilikatika kamba karibu na Muskogee na kuanza kuteremka na mkondo zikiwa zimefungamana. Kwa muda mrefu hazikujulikana ziliko hasa. Wakazi wa mji mdogo wa Webbers Falls, ulioko chini zaidi, waliamriwa kuhama mara moja. Tarehe 23 Mei adhuhuri zikaligonga bwawa la hapo, kamera za televisheni zikirusha tukio hilo moja kwa moja, zikapinduka na kuzama. Bwawa lilisimama. Watu wa eneo hilo hawakuhitaji kuelezwa chombo kisicho na mshika usukani kinaweza kufanya nini: tarehe 26 Mei 2002, kuteremka kidogo kutoka hapo, msafara wa tishari uligonga nguzo ya daraja la barabara kuu ya I-40, sehemu ya daraja ikaporomoka, magari yakatumbukia mtoni na watu 14 wakafa.

Sasa fikiria nyambizi. Tishari ni sanduku la chuma lenye ganda jembamba, ambalo likigonga zege hujikunja. Nyambizi ina ganda lililoundwa kustahimili shinikizo la kina cha futi 400. Kama Batfish ingetoka bustanini na kuingia katika mkondo mkuu, mbele yake kulikuwa na bwawa lile lile lililokwisha kugongwa, na baada ya bwawa lile daraja. Sidhani hata kidogo kwamba hofu ya siku zile ilitiwa chumvi.

Lililofanywa lilikuwa sahihi, na ndilo ambalo baharia yeyote angelifanya. Chombo kilifungwa kwa kamba ili kisitoke mahali pake, na maji yakaingizwa katika matangi yake ili kipate uzito. Kwa maneno mengine, nyambizi iliokolewa kwa kuzamishwa. Kuna wakati ambapo kushuka ndiko kunakolinda, na kuna njia mbili tu za kushuka: kwa mpango au kwa ajali. Ukiingiza maji kwa mpango, unachagua tangi gani lijae kwanza na kwa kiasi gani, ili chombo kisilalie upande mmoja. Ukiacha mto uchague, maji huingia penye tundu, nalo tundu halijali mizani. Mwaka 2007 nyambizi ya Kisovieti iliyokuwa makumbusho ya kuelea huko Providence, katika jimbo la Rhode Island, ilizama gatini wakati wa dhoruba ya Aprili. Iliinuliwa mwaka uliofuata, lakini kilichotoka majini kilikuwa kimeharibika kiasi kwamba kiliishia kuuzwa kama chuma chakavu. Huo ndio mfano wa kushuka kwa ajali.

Wa kushuka kwa mpango tunao kwetu. Julai 1916 Wajerumani, walipoona Kigoma inaponyoka, waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika kwa mikono yao wenyewe. Wahandisi waliotoka nayo Papenburg waliipaka mitambo grisi nzito na kuitia mchanga, wakiamini kwamba siku moja itatolewa. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, na tangu 1927 imekuwa ikiitwa Liemba. Miaka minane chini ya maji haikuiua, kwa sababu waliouzamisha mwili wake walikuwa ndio hao hao waliouunda.

Tofauti ya Muskogee ni kwamba waliounda na waliotumia wanazidi kuondoka. Wanamaji waliosukuma wazo la kuileta Batfish mwaka 1972 walikuwa watu ambao wangeweza kuzitafuta vali gizani. Miaka karibu hamsini baadaye, bustani ya aina hiyo hutegemea waajiriwa wachache, watu wa kujitolea na viingilio vya wageni. Vali ambayo haijazungushwa kwa miongo kadhaa hushikana. Bomba lililopakwa rangi juu ya rangi huonekana zima na kumbe ndani limekula kutu. Makumbusho nyingi za aina hii hutumia fedha zao chache kwenye kile kinachoonekana: rangi ya kijivu ya nje, sitaha ya mbao, vibao vya maelezo. Sizilaumu, kwa kuwa mgeni halipi kiingilio ili aone vali inayofunguka vizuri. Hata hivyo, katika wiki ile moja ya Mei, rangi ya kijivu haikusaidia kitu.

Maji yalipopungua, Batfish ilikuwa bado bustanini. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Chombo kinachokaa chini tena baada ya kuelea kinaweza kukaa vibaya: tope limehama, mahali pa kulaza mkuku pamebadilika umbo, na upande mmoja unaweza kupata tope laini na mwingine udongo mgumu. Mita 95 za chuma zikilala mahali pasipo sawa hujipinda polepole, na mpindo hauonekani mpaka mlango mmoja ukatae kufungwa. Kisha kuna unyevu uliobaki katika matangi, ambao kwa chuma ni adui mbaya kuliko maji yenyewe yakiwa tele, kwa sababu chuma kinachobadilishiwa hewa na maji kila mara huliwa haraka kuliko kilichozama moja kwa moja.

Tangu hapo kumekuwa na mpango wa kuihamisha nyambizi hadi eneo la Three Forks Harbor, karibu zaidi na shughuli za watu, na hoja inayotajwa sana ni ya utalii. Hoja ya utalii ni halali. Lakini kabla ya hiyo kuna swali la namna ya kuihifadhi, nalo lina njia tatu, kila moja ikiwa na wahanga wake.

Njia ya kwanza ni kuiacha ielee. Kuteremka mto huo huo, huko North Little Rock, kuna nyambizi nyingine ya vita ile, USS Razorback, ambayo ilikuwepo katika Ghuba ya Tokyo siku Japani ilipotia saini kusalimu amri, ikaja kutumikia jeshi la Uturuki kwa miongo mitatu, na kuletwa Arkansas mwaka 2004. Hiyo inaelea gatini. Mto ukipanda nayo hupanda, na mafuriko ya 2019 yaliipitia pia. Gharama ya njia hii ni kwamba chombo kinachoelea lazima kitolewe majini kila baada ya miaka kadhaa kukwanguliwa na kuzibwa, na safari hiyo ya chelezoni hugharimu fedha ambazo makumbusho nyingi hazina. USS Clamagore ilikaa majini South Carolina kwa miaka 40 ikiliwa na chumvi, na mwaka 2022 ikakokotwa kwenda kukatwa vipande, kwa sababu aliyeweza kulipa bili hakupatikana. Njia ya pili ni kuilaza nchi kavu kama Batfish, au kama USS Drum huko Mobile katika jimbo la Alabama, iliyotolewa majini mwaka 2001. Njia ya tatu ni kuijengea nyumba, jinsi Chicago walivyoifanyia U-505 ya Kijerumani mwaka 2004 baada ya kuiacha nje kwa nusu karne. Hii ya tatu ndiyo bora kwa chuma, nayo ni ya matajiri.

Kwa hiyo Batfish itabaki nchi kavu, iwe bustani ya zamani au bandari mpya, na sioni ubaya wake mradi wanaoipangia wakubali kwamba nchi kavu ya kando ya mto ni lugha ya adabu tu. Kama ningepewa nafasi ya kuuliza maswali katika kikao cha mipango, nisingeanza na mgahawa wala maegesho ya magari. Ningeuliza kwanza sakafu ya kituo kipya itakuwa futi ngapi juu au chini ya 48.2, kile kimo cha 1943. Kama jibu ni chini, ningeuliza ni nani mwenye funguo za vali za matangi ya farumi, ni lini zilifunguliwa mara ya mwisho, bomba la kujazia linaunganishwa wapi, na inachukua saa ngapi kujaza kila tangi kutoka kavu hadi uzito unaotosha. Ningetaka jedwali hilo libandikwe ukutani, ndani ya chumba cha uongozi, kando ya ubao wa taa nyekundu na za kijani, na lifanyiwe zoezi kila mwaka mwezi Aprili, kabla mvua za Kansas hazijaanza kuteremka.